Misuli bila tairi ni kelele tu

MACHI 2023, kampuni ya Dodge ilipeleka Las Vegas, Marekani, toleo la mwisho la kishindo la gari lake la Challenger. Likaitwa Demon 170. Injini ya V8, farasi 1,025 likinywa mafuta yaliyochanganywa na ethanoli. Kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97, sekunde 1.66. Robo maili, ambayo ni mita 402, sekunde 8.91.

Namba hizo zikazunguka dunia nzima. Wapenzi wa magari wakazibeba kama shabiki anavyobeba matokeo ya dabi, kila kijiwe zinatajwa. Wachache sana waliinama kusoma namba nyingine iliyoandikwa chini kabisa, ubavuni mwa tairi ya nyuma: 315/50R17. Na ya mbele: 245/55R18.

Hapo ndipo mechi iliposhindwa. Farasi 1,025 kwenye tairi isiyoshika lami ni moshi, kelele na harufu ya mpira unaoungua. Gari linabaki palepale, jirani mwenye farasi 300 anapita anapunga mkono.

Ni sawa na timu yenye fowadi wa mabilioni na kiungo asiyejua kupasia. Mkwaju upo, mpira haufiki.

Kwa wamiliki wa magari ambayo Wamarekani huyaita muscle car, yaani magari ya misuli, kuchagua tairi pana za nyuma ni ugomvi usioisha. Huyu anasema weka 275, yule anasema bila 315 hujafanya kitu. Wapo wanaonunua kwa macho, wanafunga, na wiki ya kwanza tu tairi inakula madigadi. Kumbe kuna hesabu, na si ngumu. Anayejua kukokotoa tofauti ya magoli kwenye msimamo wa ligi anaiweza.

FARASI WENGI, VIATU VYEMBAMBA

Mwaka 1964 Pontiac ilichukua injini ya magari yake makubwa, inchi za ujazo 389, takriban lita 6.4, ikaipachika kwenye gari la ukubwa wa kati. Likazaliwa GTO. Toleo la kawaida lilikuwa na farasi 325, na lenye kabureta tatu lilifika 348. Wengi wanalihesabu kuwa ndilo lililofungua zama za magari ya misuli.

Sasa angalia lilivaa nini miguuni: tairi ya 7.50-14. Upana wake ni kama inchi saba na nusu, karibu milimita 190. Leo saluni nyingi za Kijapani zinazobeba watu kwenda kazini zinatembea na 195/65R15. Yaani gari la farasi zaidi ya 300 lilikuwa na kiatu kisicho kipana kuliko cha saluni ya familia.

Matokeo yake yalijulikana. Ukikanyaga mafuta, mkia unacheza, tairi za nyuma zinazunguka bure. Mtaani ilionekana ni sifa, moshi ukitoka watu wanashangilia. Kwenye mashindano ya robo maili ilikuwa ni kupoteza muda.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaingia tairi za safu ya 70, zile zenye majina kama E70, F70 na G70, pana na fupi kuliko za zamani. Camaro Z/28 ya 1969 ilitoka kiwandani na E70-15 juu ya rimu ya inchi 15 yenye upana wa inchi saba. Wakati huo ilionekana pana. Kwa viwango vya leo ni nyembamba, ndiyo maana mtu anayefufua gari la aina hiyo jambo la kwanza linalomjia kichwani ni mguu wa nyuma.

KWA NINI NYUMA NA SI MBELE?

Magari haya yanasukumwa na tairi za nyuma. Injini iko mbele, nguvu inapita kwenye gia, inafuata shafti hadi kwenye difu, ndipo inafika kwenye ekseli ya nyuma. Tairi za mbele kazi yake ni kukata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki.

Kuna jambo la pili. Gari likiondoka kwa kasi, pua inainuka na mkia unakaa chini. Uzito unahama. Chukua gari la kilo 1,700, ambalo kitovu cha uzito wake kipo nusu mita kutoka chini, na ekseli zake zimeachana mita 2.72 kama za Mustang ya kisasa. Likiongeza mwendo kwa nusu ya nguvu ya uvutano wa dunia, kilo kama 156 zinaondoka kwenye tairi za mbele na kwenda kukaa kwenye za nyuma. Ni kama watu wawili wazima wamehama siti ya mbele wakarukia kwenye buti.

Kwa hiyo tairi ya nyuma inabeba mzigo mkubwa zaidi wakati huohuo inapotakiwa kusukuma. Ndiyo maana inapewa mwili mkubwa.

Lakini hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Tairi pana haimaanishi moja kwa moja kwamba eneo linalogusa lami limeongezeka kwa kiwango hichohicho. Eneo hilo linategemea sana uzito wa gari na upepo uliojazwa. Ukiweka tairi pana kwa upepo uleule, alama inayogusa chini inabadilika umbo: inakuwa pana kwa kulia na kushoto, fupi kwa mbele na nyuma. Faida inakuja kwa njia nyingine. Tairi pana ina mpira mwingi wa kubeba joto, inaruhusu kutumia mpira laini zaidi bila kuisha haraka, na inaweza kutembea na upepo mdogo kidogo bila kulemewa na mzigo.

Kwa lugha ya uwanjani, si urefu wa daruga unaomzuia beki asiteleze. Ni aina ya njumu na hali ya nyasi.

NAMBA TATU ZINAZOTOSHA

Chukua tairi ya 275/40R19, ile iliyokuwa nyuma ya Mustang GT ya 2015 yenye kifurushi cha michezo. Mbele gari hilo lilikuwa na 255/40R19.

Namba ya kwanza, 275, ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu. Ya pili, 40, ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana. Asilimia 40 ya 275 ni milimita 110. Ya tatu, 19, ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kupata kimo cha tairi nzima, zidisha ubavu mara mbili kwa sababu upo juu na upo chini: 220. Rimu ya inchi 19 zidisha kwa 25.4 upate milimita: 482.6. Jumlisha. Jibu ni milimita 702.6.

Sasa mwenye gari anataka 305 nyuma. Anaingia dukani anasema "nipe 305 ya rimu 19." Muuzaji mzuri atamuuliza: ipi? Kwa sababu zipo zaidi ya moja.

Akichukua 305/30R19, kimo chake ni milimita 665.6. Imepungua kwa asilimia tano na ushee dhidi ya tairi ya kiwandani. Gari litainama nyuma, na tairi itaonekana imepotea ndani ya madigadi.

Akichukua 305/40R19, kimo ni milimita 726.6. Imezidi kwa asilimia 3.4. Hatari ya kugusa juu inaanza.

Akichukua 305/35R19, kimo ni milimita 696.1. Imepungua kwa asilimia moja tu. Hiyo ndiyo inayokaa.

Kanuni wanayoishika mafundi wengi ni hii: tairi mpya isizidi wala kupungua zaidi ya asilimia tatu ya kimo cha ile ya kiwandani. Upana ukipanda, namba ya katikati inapaswa kushuka. Anayesahau hilo anabadilisha gari lake lote bila kujua.

DIFU NA MSHALE WA SPIDI VINADANGANYWA

Kwa magari ya zamani hesabu hii inauma zaidi. Wengi wenye magari yaliyozaliwa na F70-14 leo huweka 225/70R14, ambayo kimo chake ni milimita 670.6. Kisha anatokea mwenye kupenda mwonekano wa kibabe, mkia juu, anafunga rimu ya inchi 15 na tairi ya 275/60R15. Hiyo ina milimita 711. Kwa macho ni tamu kweli, herufi nyeupe ubavuni, mpira umejaa kwenye madigadi.

Lakini kimo kimepanda kwa asilimia sita. Tairi ndefu inakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, wakati mshale wa spidi unahesabu mizunguko tu. Ukisoma maili 100 kwa saa, ukweli ni 106. Askari wa barabarani mwenye tochi hasomi dashibodi ya mtu.

Difu nayo inaguswa. Gari lenye difu ya uwiano wa 3.55 litajisikia kama lina 3.35. Kuondoka kunakuwa kuzito, ule mzuka wa kukanyaga na kubanwa kwenye siti unapungua. Mwenye gari ametumia pesa kuongeza tairi ili aondoke haraka, kumbe amejipunguzia nguvu ya kuondokea. Kwenye barabara kuu atafaidi kidogo, injini itazunguka taratibu zaidi. Lakini hakununua gari la misuli ili asikie ukimya.

Ukiona hivyo, njia ni mbili: ama kushusha kimo cha tairi, mfano 255/60R15 yenye milimita 687, ambayo imezidi kwa asilimia mbili na nusu tu, ama kukubali tairi ndefu na kubadilisha uwiano wa difu. Njia ya pili inahitaji mfuko.

RIMU NDIYO UWANJA

Tairi haichezi hewani. Inahitaji rimu inayolingana nayo. Kila mtengenezaji anatoa kiwango cha upana wa rimu kwa kila saizi ya tairi. Kwa 275/40R19, kiwango hicho mara nyingi ni kati ya inchi 9 na 11. Kubana tairi ya 305 kwenye rimu nyembamba ni kuifanya ivimbe katikati kama chapati iliyoingia hewa, mabavu yanalegea, na kwenye kona gari linayumba kabla halijaamua linakwenda wapi. Kuitanua tairi nyembamba kwenye rimu pana nako kunaacha kingo za rimu wazi, shimo la kwanza linavunja.

Ipo pia kanuni ndogo inayosaidia kupima. Kila rimu ikiongezeka upana kwa nusu inchi, tairi ileile inatanuka kama milimita tano. Hivyo 275 ya mtu mmoja inaweza kuwa pana kuliko 275 ya mwenzake, na bado kampuni moja na nyingine hazilingani kabisa. Namba ya ubavuni ni mwongozo, mkanda wa kupimia ndiyo mwamuzi.

Hapa ndipo linapoingia neno linalowatesa wengi: offseti. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na sehemu inayobanwa kwenye ekseli kwa nati. Offseti ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani kuelekea springi na shokapu. Ikiwa ndogo, inatoka nje kuelekea madigadi.

Mtu akitoka kwenye rimu ya inchi 9.5 kwenda 11, ameongeza inchi moja na nusu, sawa na milimita 38. Akibaki na offseti ileile, milimita 19 zinaingia ndani na 19 zinatoka nje. Je, ndani kuna nafasi ya milimita 19? Kama hakuna, anapunguza offseti kwa 19. Ndani inabaki kama zamani, lakini nje rimu inatoka kwa milimita 38 nzima. Je, madigadi yanaruhusu? Maswali hayo mawili yakijibiwa kabla ya kulipa, nusu ya majuto ya duniani yanaisha.

Kupima kwenyewe si kazi ya siku nzima. Gari linainuliwa, tairi inatolewa, rula ndefu inawekwa pale rimu inapokaa. Anapima kwenda ndani hadi kitu cha kwanza kitakachoguswa, iwe springi, shokapu au bomba la breki. Anapima kwenda nje hadi ukingo wa madigadi. Kisha ekseli inapandishwa kwa jeki kama vile gari limejaa abiria na limepiga shimo, anapima tena. Kipimo cha pili ndicho cha kuaminika.

Magari ya zamani yana ekseli nzima ya nyuma, chuma kimoja kutoka kulia hadi kushoto. Gari likikata kona ekseli hiyo inaweza kusogea pembeni kidogo, hasa ikiwa imebebwa na springi za majani. Kwa hiyo nafasi ya kidole kimoja pande zote mbili ni lazima ibaki. Magari mapya yameachana na mfumo huo. Challenger ya 2008, Camaro ya 2010 na Mustang ya 2015 zilikuja na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na njia yake.

Wapo wanaokimbilia kuweka speza, vile vipande vya chuma vinavyosukuma rimu nje. Speza nzuri, iliyotengenezwa kwa gari husika, inafanya kazi. Ya kubahatisha ni balaa: nati inashika stadi kwa nyuzi chache tu, na siku ikiachia, gurudumu linaondoka likiwa limetangulia gari.

MBELE WASISAHAULIKE

Kosa lingine ni kumwaga pesa yote nyuma na kuacha mbele njaa. Timu yenye mabeki wanne wa kimataifa na washambuliaji wa mchangani haifungi.

Gari lenye tairi pana sana nyuma na nyembamba mbele linakimbia vizuri kwenye mstari ulionyooka. Likifika kwenye kona, pua inagoma. Dereva anazungusha usukani, gari linaendelea kwenda nje, kwa sababu mkia umeshika lami kuliko mbele. Kwa mtu wa robo maili si tatizo, hana kona. Kwa anayeishi mtaani, ni tatizo.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo, na uamuzi wao unaonyesha gari limetengenezwa kwa ajili ya nini. Camaro Z/28 ya 2014, gari la kuzungukia viwanja vya mbio vyenye kona, ilikuja na 305/30R19 miguu yote minne. Shelby GT350R iliyotoka baadaye ikawa na 305/30R19 mbele na 315/30R19 nyuma, tofauti ya milimita kumi tu. Gari hilo lilikuja na rimu za nyuzi za kaboni ili kupunguza uzito, kwa sababu rimu pana ya kawaida ni nzito na uzito unaozunguka ni mzigo mara mbili. Kwa upande mwingine, Demon 170 iliacha pengo la milimita 70 kati ya mbele na nyuma. Halikutengenezwa kukata kona, limetengenezwa kuondoka.

Kuna jambo jingine kwenye Demon linalowaumbua wanaoamini upana peke yake. Demon ya kwanza, ya mwaka 2018, ilikuwa na 315/40R18. Ile ya 2023 nayo ni 315. Upana haukuongezeka hata milimita. Kilichobadilika ni rimu, iliyoshuka kutoka inchi 18 hadi 17, na ubavu uliopanda kutoka milimita 126 hadi 157.5. Ubavu mrefu unajikunja kidogo gari linapoondoka, unameza ule mshtuko wa kwanza na kuifanya tairi ing'ang'anie chini badala ya kuzunguka. Wahandisi walipotaka kuongeza kushika lami, walicheza na kimo na aina ya mpira.

MVUA HAINA URAFIKI

Tairi pana ina adui mmoja mkubwa, maji. Tairi nyembamba inapasua maji kama mtumbwi. Pana inajaribu kuyapanda. Mwendo ukiwa mkubwa na kashata zikiwa zimeisha, gari linaelea juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi, na breki inabaki pambo. Zile tairi maalumu za robo maili, zenye mpira laini na kashata chache, ndizo mbaya zaidi kwenye lami yenye maji au baridi kali.

Kisha yapo maandishi mengine madogo baada ya saizi, mfano 101Y. Namba 101 ina maana tairi moja inabeba hadi kilo 825. Herufi Y ni mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa, W ni 270, V ni 240, H ni 210. Mtu anayeweka tairi pana ya bei nafuu yenye herufi ya chini kwenye gari la farasi 450 amefunga bomu taratibu.

Na kuna umri. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, mwisho wake tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya misuli mengi hulala gereji, yanatoka wikiendi. Kashata zinabaki nene, mpira unazeeka kimyakimya. Kwa macho ni mpya, kwa kazi ni mzee.

Mashabiki wa filamu za Fast & Furious wanajua majina ya magari yote, kuanzia ile Dodge Charger ya 1970 ya Dominic Toretto. Wanajua pia walivyompoteza Paul Walker, Novemba 30, 2013, huko Santa Clarita, California. Alikuwa abiria kwenye Porsche Carrera GT, na dereva naye alifariki. Wachunguzi walisema mwendo ulifika hadi maili 93 kwa saa, kama kilomita 150, mahali ambapo kikomo kilikuwa maili 45. Mwendo ndiyo ulitajwa kuwa sababu. Lakini waliandika pia kwamba tairi za gari hilo zilikuwa na umri wa miaka tisa.

Halikuwa gari la misuli la Marekani, lakini somo ni lilelile. Gari la ndoto ya kila kijana, tairi iliyopitwa na wakati.

HUKU KWETU USIIGE KILA KITU

Challenger na Camaro si magari ya kukutana nayo kila siku Dar es Salaam au Nairobi. Lakini namba za ubavuni ni zilezile, na hesabu ni ileile kwa saluni yoyote inayosukumwa na tairi za nyuma.

Onyo moja kwa vijana wa Subaru. Magari mengi ya kampuni hiyo yanasukumwa na miguu yote minne. Ukiweka nyuma tairi yenye kimo tofauti na ya mbele, ekseli mbili zinazunguka kwa mwendo usiolingana muda wote, na difu ya katikati inafanya kazi isiyo yake. Inachemka, inakula, inakufa. Mtindo wa tairi pana nyuma ulizaliwa kwa magari ya kusukumwa kwa nyuma, kuuhamishia kwenye gari la miguu minne bila hesabu ni kumchezesha kipa namba tisa.

Pia mwenye saizi tofauti mbele na nyuma asahau kuzungusha tairi kutoka mbele kwenda nyuma ili ziishe sawasawa. Za nyuma zitaisha kwanza, na zitanunuliwa zenyewe. Kwenye bajeti hiyo iandikwe mapema.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi uko hivi. Kwanza amua gari ni la nini: robo maili, kona, au kutembelea wikiendi. Pili pima nafasi, ndani na nje, ekseli ikiwa juu. Tatu chagua upana wa rimu na offseti inayoingia kwenye nafasi hiyo. Nne chagua tairi inayokaa kwenye rimu hiyo, kimo kisitoke nje ya asilimia tatu. Tano soma uzito, herufi ya mwendo na tarehe. Baada ya hapo ndipo pochi ifunguliwe.

Wengi huanza na pochi. Ndiyo maana kwenye magereji ya Marekani, na ya kwetu pia, kuna rimu nzuri zisizo na mkwaruzo zimeegemezwa ukutani zikisubiri mtu mwingine mwenye gari ambalo zitalitosha.